Kuagiza picha kubwa ya mbogo ya rangi za mafuta Arusha: uzoefu wangu

Niliagiza kwa mchoraji mmoja wa Arusha picha ya kichwa cha mbogo dume, upana sentimita 150 na kimo 120, rangi za mafuta juu ya kanvasi ya pamba. Sasa imetundikwa Moshi. Kazi ni nzuri mno na ningempa tena yuleyule. Ila picha ya ukubwa huu si ya kuagiza kwa kusema tu "nichoree mbogo".

Anza na picha za kumpelekea. Dume aliyekomaa pembe zake hukutana juu ya paji la uso zikawa ngumu kama jiwe. Dume mdogo bado ana nafasi yenye nywele katikati. Ukipeleka picha ya dume mdogo halafu ukataka mzee wa kutisha, mchoraji itabidi abuni, na ubunifu kwenye pembe ya ukubwa huo unaonekana tangu mlangoni. Peleka picha kadhaa za wanyama wa rika moja, zilizopigwa asubuhi au jioni. Jua la saa sita linafuta mikunjo yote ya uso.

Macho ndiyo niliyoyakagua kwanza. Mboni ya mbogo imelala, ndefu kwa upana kama ya ng'ombe. Wengi huichora duara, na mnyama anapata macho ya simba. Huyu aliipatia. Kidoto cheupe cha mwanga akakiweka juu kushoto kwenye macho yote mawili, upande uleule unaomulika pembe. Kingeenda upande mwingine, uso mzima ungeonekana wa bandia hata kama kila unywele uko mahali pake.

Rangi nene iliyopakwa kwa kisu cha kuchorea iko kwenye pembe na kwenye unyevu wa pua tu. Shingo na masikio yana rangi nyembamba ya brashi pana, kiasi kwamba ukisimama karibu huoni sikio, unaona mapigo manne au matano ya kahawia. Rudi nyuma mita tatu na sikio linakuwepo, limechanika ukingoni. Hapo ndipo unajua fundi ana mkono.

Mnyama mweusi ana ugumu wake. Nyeusi ya kwenye tyubu ikipakwa peke yake inakufa, inakuwa shimo. Yeye alichanganya bluu ya altramarini na kahawia ya amba: bluu ikizidi kivuli kinapoa, kahawia ikizidi kinapata joto la vumbi. Lakini maeneo hayohayo ya giza ndiyo yaliyoleta tatizo pekee la kweli. Baada ya kukauka, shingo ilibaki na mabaka yasiyong'aa, kwa sababu tabaka la chini lilifyonza mafuta ya rangi ya juu, na rangi za kahawia za aina hiyo huwa na tabia hiyo. Dawa yake ni kupaka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kidogo sana kwenye baka lililokauka, kisha kuyafuta kwa kitambaa safi hadi yabaki kama hayapo. Alifanya hivyo bila kuongeza bei. Ukiona mabaka usikubali yafunikwe kwa rangi nyingine.

Geuza picha uangalie mgongo. Kwa upana huu fremu ya ndani lazima iwe na mbao za kukatisha katikati, la sivyo mbao ndefu zinapinda kwa mvuto wa kanvasi. Yangu ni saiprasi iliyokauka, ukingo wake wa mbele umelazwa ili usiache mstari kwenye picha, na pembeni kuna kabari ndogo za kugonga taratibu kanvasi ikilegea. Jeso, ile rangi nyeupe ya msingi inayotangulia kwenye kanvasi, ipakwe mikono mitatu, kila mkono upigwe msasa laini. Rangi iwe ya tyubu ya wachoraji. Ile ya kopo inayopakwa milangoni ina mng'ao wake na inafaa kwa michoro ya mtindo wa Tingatinga juu ya ubao mgumu, ila kwa uchoraji wa tabaka juu ya tabaka haifai.

Usimharakishe. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka. Inakauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni, na baridi ya Arusha ya Juni na Julai inaichelewesha sana. Tabaka za chini huwekwa tapentaini zaidi, za juu mafuta zaidi. Mpangilio huo ukigeuzwa, juu kunakauka kabla ya chini na nyufa zinafuata. Tulikubaliana malipo kwa hatua: sehemu ya kwanza fremu na mchoro wa mkaa vikiwa tayari, ya pili baada ya tabaka la rangi zote, iliyobaki baada ya kukauka. Vanishi ya kawaida ya mwisho husubiri miezi sita hadi mwaka, kwa hiyo iandikeni kwenye makubaliano tangu mwanzo, maana akishalipwa yote atakuwa na kazi nyingine.

Kusafirisha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, na picha yenye rangi nene haifai kukunjwa. Ilisimama ndani ya gari, kadibodi mbele na nyuma, bila nailoni kugusa rangi. Ile nyembamba inaweza kuviringwa kwenye bomba pana la PVC, rangi ikitazama nje.

Ukutani tumia skrubu mbili zenye plagi, si msumari mmoja. Bandika vipande vya mpira kwenye pembe za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite, kwa kuwa ukuta wa tofali hutoa unyevu wakati wa masika na ukungu huanzia nyuma ya kanvasi, pasipoonekana.