Darasa la jioni Mwanjelwa, na hema langu lililolaliwa bure

Natembeza wageni, hasa Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu, na asiye na hema namkodishia. Mwaka jana mwezi wa sita, baridi imekolea, nikamwambia Mwingereza mmoja, "You can borrow this tent." Akafurahi kweli. Baada ya siku mbili akalirudisha limekunjwa vizuri kuliko nilivyompa, akanishika mkono, "thank you" nyingi, akapanda basi. Ningemdai nini wakati nilimwambia mwenyewe aazime?

Ndipo nikajiandikisha darasa la Kiingereza la jioni hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ni Sh 45,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa 11. Chumba kiko juu ya mashine ya kusaga, kwa hiyo nusu saa ya kwanza Mwalimu anafundisha kwa kupaza sauti. Viti havitoshi.

Ila huyo Mwalimu anajua kazi yake. Badala ya kukukaririsha maana, anaanza na vitenzi vyetu. Mteja anakopa, mwenye duka anakopesha: anayechukua ndiye "borrow", anayetoa ndiye "lend". Kumbe mimi niliponzwa na kuazima, maana sisi tunasema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" bila kujali inatoka kwa nani. Na hema la kulipia ni "hire". Mwingereza ana-"hire" gari, nyumba ana-"rent". Mmarekani hata gari ana-"rent", na "hire" kwake mara nyingi ni kuajiri mtu. Halafu "rent" yenyewe inatumiwa na mpangaji na mwenye nyumba pia. Hapo darasa zima tulicheka, maana sisi kupanga na kupangisha havijawahi kutuchanganya.

Siku niliyoipenda zaidi ni ya dada mmoja wakala wa kutuma hela, aliyeandika "They stole me". Mwalimu akamuuliza, "Walikupeleka wapi?" Kisha akaandika ubaoni: kuiba, kuibia. "Steal" inaenda na kitu kilichoibwa, "rob" na mtu aliyeibiwa. Vivyo hivyo "say" ni kusema na "tell" ni kuambia, kwa kawaida anatajwa anayeambiwa. Sijakosea tena. Mzee wa Kyela naye akataka kujua kwa nini mchele na wali vyote ni "rice". Mpunga angalau una "paddy", akajibiwa, neno ambalo Waingereza walilitoa kwa Wamalei. Mzee akaguna tu.

Mwezi wa pili umepwaya. Tuligawiwa vivuli vya karatasi visivyosomeka, na "see", "look" na "watch" zikapitiwa kwa dakika 10. Nilipouliza "trip" na "journey" zinatofautianaje, nikaambiwa ni kitu kimoja. Hapana. "Journey" ni ule mwendo wenyewe, kutoka hapa hadi kule. "Trip" ina kwenda, kukaa na kurudi. Kwetu zote ni safari, na nadhani hapo Mwalimu alikosa kitenzi cha kuegemea. Mimi ninayeuza hizo "trip" sikupendezwa.

Kwa hiyo lipa mwezi wa kwanza bila wasiwasi, wa pili ujipime. Na wahi kiti cha mbali na ngazi, unga haufiki huko.