Playwright: Inasubiri Kitufe Kiwe Tayari Ndipo Ibonyeze

Karibuni tena, ndugu zangu watazamaji. Leo tunaichambua Playwright, programu ya bure ya Microsoft iliyotoka mwaka 2020. Kazi yake ni kuijaribu tovuti kama mtumiaji: inabonyeza, inajaza fomu, inasoma kilichotokea. Nimeitumia miezi kadhaa kwenye tovuti ya kukatia tiketi za basi.

Wengi wetu tumekulia kwenye Selenium, programu nyingine ya kujaribu tovuti, ya tangu 2004, na bado naiheshimu. Lakini mnaujua ule usumbufu: ukurasa haujakaa sawa, skripti imeshabonyeza, jaribio limefeli. Unaweka sekunde tatu za kusubiri hapa, tano pale, mwisho majaribio yanakula saa nzima. Playwright, kabla ya kubonyeza, inahakikisha yenyewe kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia, hakijazimwa, na hakuna kitu kilichokifunika.

Hilo la kufunikwa ndilo lililonishika. Kwenye skrini ndogo, tangazo letu la vidakuzi (lile la kuomba ruhusa ya "cookies") lilikuwa limekikalia kitufe cha "Lipa". Sisi wenye kompyuta kubwa tulikuwa hatujawahi kuliona tatizo hilo! Jaribio likangoja mpaka sekunde 30 zikaisha, likafeli, na ripoti ikataja hasa kilichoziba. Hebu mfikirie abiria aliyeko stendi, anagusa simu, anagusa tena, na basi linajaa.

Likifeli, unafungua rekodi yake na kupitia hatua moja moja, ukurasa ulivyokuwa kabla na baada. Ila uiwashe kwanza kwenye mipangilio.

Sasa kasoro. Inapakua vivinjari vyake yenyewe, Chromium, Firefox na WebKit, mamia ya megabaiti, kwa hiyo andaa bando. Ile simu inayoigiza ni mambo kama ukubwa wa skrini, mguso na utambulisho wa kivinjari, si simu halisi. Simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo utaishika mkononi mwenyewe. Na programu za Android zilizosakinishwa kwenye simu si kazi yake hasa. Huko tafuteni Appium, chombo cha kujaribu programu za simu.

Halafu msiliamini neno "Asante" linalotokea kwenye skrini baada ya kulipa. Mimi jaribio hilohilo nalituma likaiulize seva: siti namba 14 imeshikwa kweli, au bado inauzwa kwa mwingine? Playwright inaweza kuuliza hivyo bila chombo cha pili, na hapo ndipo unapoupima mfumo mzima.

Mnaoanza leo, chukueni hii. Wenye mamia ya majaribio ya Selenium yanayopita vizuri, msiyavunje. Andikeni mapya tu kwa Playwright.