Uzoefu wangu: kutafuta sensa ya RAV4 ya mwaka 1996 kutoka Wete hadi Unguja

Gari yangu ni RAV4 ya mwaka 1996, ile ndefu ya milango minne, injini 3S-FE. Ninayo hapa Wete, Pemba, tangu 2011. Imebeba karafuu, imebeba maharusi, imebeba wagonjwa usiku wa manane hadi Chake. Siiuzi. Ikiumwa natafuta dawa, na safari hii dawa ilinichukua miezi mitatu na fedha nyingi kuliko ilivyostahili.

Maradhi yalianza mwanzoni mwa msimu wa karafuu. Asubuhi inawaka bila tabu. Lakini ukizima kituoni, ukashusha magunia, ukarudi baada ya robo saa, stata inazungusha tu, mwisho inashika kwa moshi mweusi na harufu ya petroli kama umemwagiwa. Lita iliyokuwa ikinipeleka kilomita kumi ikawa hainifikishi saba. Na muda wote huo taa ya injini haikuwaka hata siku moja.

Fundi wa kwanza alisikiliza, akanusa ekzosi, akasema sensa ya oksijeni, yaani kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, imekufa. Nikaagiza Unguja, ikaja na boti hadi Mkoani: mpya, haina jina la kiwanda, nyaya nne bila plagi, ile ya kukata na kuunga. Shilingi 85,000. Akaunga nyeupe kwa nyeupe, nyeusi kwa nyeusi, akazungushia tepu. Jioni ile ile taa ya injini ikawaka, na gari ikazidi kunywa mafuta.

Hapa nakaa kidogo, maana wengi wanaumia hapa. Sensa ya oksijeni ya nyaya nne ina nyaya mbili za kuipasha moto, moja ya kupeleka ishara kwenye kompyuta ya injini na moja ya ethi, yaani ya kurudisha umeme. Kwenye sensa za Denso, kiwanda cha Kijapani, ambayo ndiyo niliyokuwa nayo, nyeusi mbili ni za kupasha moto, buluu ni ishara, nyeupe ni ethi. Kwenye nyingi za kuunga ni kinyume: nyeupe mbili ndizo za kupasha moto, nyeusi ni ishara, kijivu ni ethi. Anayefuata rangi anaupeleka umeme wa betri kwenye waya wa ishara, na 85,000 zako zimekufa kabla hujatoka gereji. Tena nyaya hizo hazichomelewi kwa risasi. Sensa inavuta hewa ya nje kupitia ndani ya nyaya zake zenyewe, kwa hiyo zinabanwa kwa vibanio vya chuma.

Nikampelekea kijana mmoja wa umeme wa magari kule Machomanne, Chake. Mimi nilikuwa na kile kimashine kidogo cha kusoma makosa ya injini kwa simu, nimekinunua kwa furaha, lakini kwa gari ya Kijapani ya umri huu hakisomi chochote. Yeye hakukihitaji. Alifungua kisanduku cheusi chini ya boneti chenye maandishi DIAGNOSIS, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kupiga stata. Tukahesabu taa ya injini inavyopepesa: mara mbili, kimya, mara moja. Ishirini na moja, sensa ya oksijeni, yaani ile mpya. Akairudisha ya zamani, ambayo nashukuru sikuitupa, akachomoa fyuzi ya EFI, ya mfumo wa petroli, nusu dakika ili kufuta kosa, tukahesabu tena. Sasa taa ikapepesa mfululizo bila kupumzika, maana yake kompyuta haina malalamiko.

Akaniambia, "Haya ami, tuipime ile isiyosema."

Isiyosema ni sensa ya joto la maji. Watu wanachanganya kwa sababu gari kama hii ina vitu vitatu vinavyopima joto. Kimoja kina waya mmoja, hicho ni cha mshale wa dashibodi tu. Kingine ni cha kuwashia feni. Cha tatu kina nyaya mbili, na ndicho kinachoiambia kompyuta injini ina joto kiasi gani, ili ijue petroli imwagwe kiasi gani. Mshale wangu ulikuwa unakaa pazuri siku zote, ndiyo maana hakuna aliyeshuku.

Aliisafisha kwanza plagi yake, ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Sisi tunaoishi na upepo wa chumvi tuanzie hapo kila mara, kabla ya kutoa shilingi. Kisha akaweka mita ya umeme kwenye pini za sensa, injini ikiwa imeshachemka vizuri. Kipimo chake kinatakiwa kishuke kadiri joto linavyopanda: kwenye nyuzi 20 kiwe omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 hadi 3,000, kwenye nyuzi 80 kiwe omu 200 hadi 400. Yangu ilisoma 1,350. Kwa kompyuta, hiyo ni injini yenye nyuzi kama 35, gari iliyolala kivulini. Kwa hiyo inamwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa. Na kosa namba 22, ambalo ndilo la sensa hii, haliandikwi, kwa sababu huandikwa pale waya unapokatika au kugusana, si pale sensa inaposema uongo unaoaminika.

Nikapanda boti mwenyewe. Nimeshuka bandarini Malindi, mjini Unguja, nikazunguka kwa miguu, kila duka nauliza sensa ya joto ya RAV4 ya zamani. La kwanza elfu 65. La pili hakuna, agiza Dubai. Duka la tatu mzee akaniuliza, "Injini gani, shekhe wangu?" Nikamwambia 3S. "Basi usitafute ya RAV4. Tafuta ya Noah."

Maneno yale ndiyo yaliyoniokoa. Injini ya 3S-FE ilifungwa kwenye Toyota nyingine pia, kama Noah ya zamani, Ipsum na Caldina, na Noah zilizochinjwa kwa spea Unguja hazihesabiki. Sensa inafuata injini na namba yake. Za joto la maji za Toyota namba zake huanza na 89422. Ukiona 83420 hiyo ni ya mshale, irudishe. Za oksijeni huanza na 89465.

Nilinunua mbili nizilinganishe. Moja mpya isiyo na jina, 12,000. Nyingine ya mtumba, Denso, imetolewa kwenye Noah mbele ya macho yangu, 20,000. Niliporudi Wete nikazitumbukiza ncha zake kwenye birika la maji yanayochemka, mita mkononi. Zikiwa za baridi zote mbili zilisoma karibu sawa, omu 1,700 na kitu. Kwenye maji ya moto Denso ya mtumba ikashuka hadi 190. Mpya ikagoma kwenye 430. Ingefungwa ile, gari ingepata nafuu kidogo, nami ningedhani imepona huku mafuta yanaendelea kuvuja mfukoni.

Nikafunga ya mtumba. Sasa ni mwezi wa tano tangu niifunge. Inawaka ikiwa ya moto kwa mguso mmoja, moshi hakuna, na kilomita kumi kwa lita zimerudi, pamoja na vilima vyetu vyote.

Kwa hiyo kwa hukumu yangu: sensa ya joto, ya krenki (mzunguko wa injini) na ya throto (mlango wa hewa ya injini), mtumba asilia naupendekeza bila wasiwasi mradi uupime kabla ya kulipa, na muuzaji asiyekubali mita yako dukani kwake mwachie sensa yake. Ya mtiririko wa hewa, kwa wenye gari zinazotumia hiyo, jaribu kuisafisha kwa dawa yake kwanza. Ila ya oksijeni usinunue mtumba. Hiyo inakaa ndani ya moshi maisha yake yote, inachoka na kuziba masizi, na uzima wake huwezi kuuona kwa macho.

Yangu ya oksijeni ni ile ile ya zamani, yenye viungo vinne sasa, na kwa petroli iliyopita humo miezi ile siitegemei sana. Nimeshaandika namba yake kwenye karatasi na nimemwagiza mdogo wangu anayekwenda Dar mwezi ujao apite Kariakoo. Nimemwambia alete Denso mpya yenye plagi yake, na akikuta za kuunga tu, arudi mikono mitupu.