Nyuzi za Majengo kwa sweta la kichanga: upi ununue, upi uuache

Ulizia uzi wa sweta la mtoto la kufumwa kwa kroshia, yaani sindano yenye ndoano, kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji karibu na Soko Kuu la Majengo, Dodoma, na kila unachoonyeshwa kitaitwa "sufi". Sufi ni ya mto wa kulalia. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ni nadra kuikuta kwenye rafu hizo, na ikiwepo bei yake hujitangaza yenyewe. Mara nyingi utakutana na vitu vitatu: donge la gramu 100 la akriliki (uzi wa plastiki wa kiwandani) lenye karatasi ya maelezo, uzi wa pamba wa vitambaa vya makochi, na uzi wa koni unaopimwa kwa mizani bila lebo yoyote.

Lebo ikikosekana, kiberiti kinatosha. Kata uzi wa urefu wa kidole, ushike kwa koleo juu ya sahani ya bati, uwashe. Akriliki huyeyuka kwa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu. Pamba huwaka kama karatasi na kubakiza majivu laini ya kijivu. Sufu husinyaa, hunuka nywele zilizoungua na kujizima yenyewe. Kishanga hicho cha akriliki kikumbuke: nguo ya namna hiyo ikishika moto huganda kwenye ngozi, kwa hiyo mtoto aliyeivaa hakai karibu na jiko la mkaa hata kama baridi ya Julai inauma.

Tuanze na akriliki, kwa sababu ndiyo tunayoipa alama za juu: 4 kati ya 5. Ni laini, ni nyepesi, hukauka upesi, na rangi zake hazichuji ovyo. Chagua unene wa kati, ule ambao donge la gramu 100 lina mita 280 hadi 300. Ukinenepa zaidi ya hapo sweta linakuwa gumu kwapani. Kwa mtoto wa miezi 3 hadi 6, gramu 130 hivi zinatosha, hivyo nunua madonge mawili kwa mkupuo mmoja na usome namba ya loti, yaani ya kundi lililotiwa rangi pamoja, kwenye karatasi zote mbili. Jina la rangi kufanana hakutoshi. Loti mbili tofauti zinaweza kuonekana sawa chini ya taa ya duka, kisha juani ukauona mstari umekatiza kifuani. Kama zimebaki loti tofauti tu, donge la pili liwe la mikono na pindo.

Udhaifu wake ni msokoto. Madonge ya bei ya chini husokotwa kilegevu, na sindano yenye ncha kali hupita katikati ya uzi badala ya chini yake. Vuta kipande dukani, kisokote kinyume kwa vidole: kikifumuka papo hapo na kuwa nyuzi nne zinazopeperuka, rudisha.

Sindano ya kroshia iwe ya milimita 4, ya alumini. Zile nyembamba za chuma za kufumia vitambaa vya makochi hazifai hapa. Za plastiki zikague shingoni. Nyingi zina mshono wa kiwandani unaokwaruza uzi, na unasikika ukipitisha ukucha.

Kabla ya sweta, fuma kipande cha majaribio: vitanzi 20 kwa safu 12, vyote vitanzi virefu, yaani unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia. Weka rula katikati, si pembeni. Sentimita 10 zibebe vitanzi 16 na safu 9. Ukihesabu 18, mkono wako unakaza, panda hadi milimita 4.5; ukipuuza, sweta la kifua cha sentimita 46 litatoka 41 na halitafunga. Ukipata 14, shuka hadi 3.5.

Hesabu inayokubaliana na uzi huu, kutoka shingoni kushuka, ni hii. Piga cheni 44, yaani vitanzi vya mnyororo, anza kitanzi kirefu kwenye cheni ya 4 kutoka sindanoni. Zile 3 ulizoruka ni kitanzi cha kwanza, jumla nafasi 42. Nafasi ya 7, 14, 29 na 36 ni kona: kila moja ipate kitanzi, cheni 1, kitanzi. Safu ya kwanza inaisha na vitanzi 46. Kuanzia hapo kila safu unarudia kona ndani ya ile cheni 1, na vitanzi vinaongezeka 8. Safu ya 10 iwe na 118: mbele 16, mkono 26, mgongo 34, mkono 26, mbele 16. Isipofika hapo, usisonge mbele. Kosa karibu kila mara liko mwanzoni mwa safu, ambako cheni 3 za kugeukia zimeshahesabika kuwa kitanzi kisha mtu anafuma tena kwenye shina lilelile. Upande mmoja unapanuka, mwingine unabaki, na sweta linakaa kama bendera upeponi.

Gawa mwili: fuma 16, ruka vitanzi vya mkono, piga cheni 4 za kwapa, fuma 34, rudia kwa mkono wa pili, malizia 16. Umepata 74. Safu 12 zinatosha. Kila mkono ni 26 pamoja na 4 za kwapa, jumla 30, raundi 12, ukipunguza vitanzi 2 kwenye raundi ya 3, ya 6 na ya 9 ili kiganja kibaki na 24. Tundu linalotokea kwapani linazibika ukiokota kitanzi kimoja cha ziada pembeni na kukiunganisha na jirani yake raundi inayofuata.

Pamba ya makochi tunaipa 3. Haiyeyuki, haiwashi ngozi, na kwa Oktoba yenye joto ni nzuri kuliko akriliki. Lakini ni nyembamba mno, utashika nyuzi mbili pamoja, na ikilowa uzito wake hulirefusha sweta. Kausha likiwa limelazwa.

Uzi wa koni, 2. Unavutia kwa sababu unanunua gramu unazotaka, ila hujui ni nini na huenda una mafuta ya mashine. Loweka kipande kwenye maji ya uvuguvugu juu ya kitambaa cheupe kwa nusu saa. Rangi ikihamia kitambaani, usimfumie mtoto anayenyonya kila kinachomfika mdomoni.

Vifungo 5 vya milimita 12, vyenye matundu manne, vishonwe kwa uzi wa nailoni na si kwa ule wa kufumia. Vuta kila kimoja kwa nguvu, kwani kikichomoka kinaishia kooni. Kwenye ukingo wa mbele okota vitanzi vifupi (bila kuzungusha uzi kwanza) 2 kwa kila safu, jumla 44. Safu ya vishimo vya vifungo ni vitanzi 3, kisha cheni 2 ukiruka 2, vitanzi 7, hivyo hivyo hadi vishimo vitano, ukimalizia na 3. Kamba za kufunga shingoni ziache kabisa.

Pasi ya mkaa isiguse akriliki. Joto lake hulifanya sweta lilegee na kung'aa, na halirudi tena. Lowesha, nyoosha kwa mkono, bana kwa pini juu ya taulo. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi na sabuni ya kipande huacha utando unaoukakamaza uzi, kwa hiyo tumia sabuni ya maji kidogo na suuza mara tatu. Anika ndani ya uzio: mwiba wa mbigili ukishika tundu la kroshia, hutoka na uzi.