Siku tatu Lisbon na kadi ya usafiri ya saa 24: uzoefu wangu

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi ndani ya ndege. Nilikuwa na euro 150 za siku tatu, malazi humo humo. Kitanda katika chumba cha watu wanane, karibu na Martim Moniz, kilikuwa euro 22 kwa usiku. Nikafika mapokezi nikaambiwa kuna kodi ya jiji, euro 4 kila usiku kwa kila mgeni. Ni halali kabisa, ila pale nilipowekea nafasi iliandikwa kwa herufi za sisimizi. Chakula cha siku nzima kikaenda na maji kabla sijavua begi.

Kilichoniokoa ni kadi. Kwenye kituo cha metro cha uwanja wa ndege unanunua Navegante kwa senti 50, unaitia tiketi ya saa 24 kwa takriban euro 7, kisha metro, mabasi na tramu ni panda shuka upendavyo. Utamu wake ni kwamba saa zinaanza kuhesabiwa pale unapoigusisha mara ya kwanza, wala si usiku wa manane. Mimi nilitua mchana, nikaianza saa nane, ikanibeba jioni yote na asubuhi nzima ya kesho yake. Jua tu kwamba kadi haichanganyi: tiketi hiyo ikiwa bado hai, ukitaka kuweka salio la kawaida, lile linalokatwa safari kwa safari, unanunua kadi nyingine.

Tramu namba 28, ile ya manjano inayokwea vilima vya Alfama na Graça, sitaisifu kama wengine. Saa sita mchana foleni ilikuwa imezunguka kona, na wezi wa mifukoni wanaijua ratiba hiyo kuliko sisi. Nikarudi saa moja asubuhi, nikapata kiti cha dirishani pamoja na kina mama waendao kazini. Hapo ndipo nikaielewa. Usilipe kwa dereva, safari moja inapita euro 3. Na panda hadi Graça, shuka, tembea mpaka Miradouro da Senhora do Monte: mji wote uko chini yako, bure.

Bure nyingine iko Belém, kwa tramu namba 15. Kanisa la monasteri ya Jerónimos niliingia bila kulipa. Ua wa ndani ndio ulikuwa na tiketi, nikauacha. Humo kanisani amelazwa Vasco da Gama. Mimi ni mtoto wa Mombasa, na huyu bwana alitia nanga kwetu Aprili 1498, wakakorofishana, akasogea Malindi. Nikamtazama dakika kumi bila kutoa senti. Kanisa kwa Wareno ni igreja, neno ambalo sisi tulilifanya gereza, na Fort Jesus ikawa gereza kweli kuanzia 1895 hadi 1958. Meza ni mesa, bendera ni bandeira, leso ni lenço. Kireno changu kiliishia hapo.

Kwenye chakula niliteleza mara moja. Nimeketi tu, ukaletwa mkate, zeituni na siagi. Kwetu ukiletewa kitu hujaagiza huo ni ukarimu, nami nikala mpaka mwisho. Bili ikaja na euro 4 na nusu juu yake. Huo ndio utaratibu wa huko: hutaki, unarudisha sahani kabla hujagusa, na hakuna anayenuna. Baada ya hapo nilihamia Rua do Benformoso, mtaa wa Wabangladeshi, chakula halali tele. Sambusa zipo karibu kila mkahawa, wanaziita chamuças. Mbili na kahawa, asubuhi imepita.

Siku ya mwisho nilinunua kadi ya pili, nikaweka salio, nikapanda kivuko kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas, ng'ambo ya mto Tejo. Dakika kumi hivi, chini ya euro 2. Aliyezoea kuvuka Likoni kwa miguu bila nauli ataona uchungu kidogo, lakini jua likizama nyuma ya daraja lile jekundu, utasamehe.

Kadi hiyo bado ninayo kwenye pochi, na salio la kivuko kimoja cha kwenda. Cha kurudi sina.