Mtambo ni mzuri, fundi wao asikanyage tena kwangu

Nimekaa na hasira hii tangu baridi ya mwaka jana. Leo naandika.

Nina gesti hapa Njombe, wageni wangu wengi ni wanunuzi wa viazi na parachichi. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai anajua mgeni haulizi televisheni, anauliza maji ya moto. Na shuka! Ukungu ukishuka, unaanika asubuhi, jioni unaanua zikiwa na maji yaleyale. Ndiyo maana nilipoelezwa habari za mtambo wa umeme na joto kwa pamoja nilielewa upesi. Jenereta la dizeli la kawaida linapoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta kwa joto la ekzosi na rejeta. Huu unalidaka joto hilo na kulipeleka kwenye tangi la maji ya kuoga na chumba cha kukaushia nguo. Kwetu si jambo geni, TANWAT, kampuni ya miti ya hapa Njombe, walishafunga wa megawati 2.5 unaotumia masalia ya miti. Nikachukua mkopo, nikalipa.

Usiku mmoja gesti imejaa, umeme wa TANESCO umekatika, mtambo ukachemsha. Nilitoka na khanga begani nikakuta banda zima mvuke, maji yanabubujika chini ya mfuniko wa rejeta, geji ya joto inasoma nyuzi 93. Ukajizima. Asubuhi wageni wakaoga maji ya barafu, wawili wakadai pesa yao. Niliwarudishia, walikuwa na haki.

Fundi wa kampuni iliyoniuzia alifika kutoka Dar baada ya siku kadhaa. Ni wa umri wa mwanangu wa pili, lakini shikamoo hakuna. Nikamweleza kuhusu ile 93. Akacheka mbele ya wafanyakazi wangu: "Mama, maji yanachemka kwa 100. Geji umeisoma vibaya. Wewe pika chai ya wageni, mashine tuachie sisi."

Mimi hapa nimezaliwa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana maharage yetu yanakaa jikoni kuliko ya Dar. Ndani ya injini yanatakiwa yasichemke hapo kwa sababu yamebanwa kwa presha, na anayeishika presha ni mfuniko wa rejeta. Yakichemka kwa 93, presha imetoroka. Mtoto wa gereji analijua hilo! Yeye mfuniko hakuugusa. Akabadilisha geji, akaandika kwenye ripoti "makosa ya mtumiaji", akaniachia bili.

Jioni ileile nilimwita fundi wa malori wa pale stendi. "Kamwene, mama," akaniamkia, akanawa mikono, akaufungua mfuniko. Aliukunja ule mpira wa ndani kwa kidole gumba, ukakatika vipande viwili kama biskuti. Mwingine tulinunua duka la vipuri kwa bei isiyofika ya kuku mmoja. Tangu hapo haujachemsha hata siku moja.

Nilikaa niandike msinunue. Lakini sasa hivi shuka zangu zimekauka, zina joto ukizikumbatia, na mgeni wa chumba namba sita anaimba bafuni. Siwezi kusema uongo. Mwenye hoteli, hospitali au kiwanda cha maziwa, anayehitaji joto kila siku, anunue. Mwenye ofisi tupu asithubutu, atachoma dizeli na joto lote litaishia hewani.

Ila kampuni yenyewe, hapana. Kwa ajili ya ripoti ile wamekataa kuitambua garantii yangu. Nimewaandikia mara tatu wayafute yale maneno matatu, hawajajibu.