Supu ya tambi za mchele: ya Yunnan au ya Liuzhou?

Guoqiao mixian ya Yunnan, mkoa wa China, huletwa mezani vipande vipande. Kwanza bakuli kubwa la mchuzi wa kuku na mifupa ya nguruwe, halitoi hata mvuke, na hapo ndipo wageni huungua midomo: juu kuna utando wa mafuta ya kuku unaofungia joto. Pembeni, visahani vya nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, yai la kware, mboga na tambi. Tumbukiza nyama mbichi kwanza, kisha mboga, tambi mwisho. Ukigeuza mpangilio, nyama haiivi. Jina lake ni "tambi za kuvuka daraja". Wanasimulia habari za mke aliyempelekea mumewe chakula ng'ambo ya daraja, akagundua kuwa mafuta huzuia supu isipoe.

Luosifen ya mji wa Liuzhou, mkoani Guangxi, China pia, haina subira hiyo. Inakuja tayari, nyekundu kwa mafuta ya pilipili, na harufu yake unakutana nayo mlangoni. Wengi humlaumu konokono wa mtoni aliyechemshwa kutengeneza mchuzi. Wanamsingizia! Kinachonuka ni machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa. Konokono mwenyewe mara nyingi humkuti bakulini. Karanga za kukaanga zinakwaruza meno, tambi zinateleza.

(Msiokula nguruwe, ulizeni kabla ya kuagiza. Mifupa yake huingia kwenye zote mbili.)

Nikiwa na mama mkwe, naagiza ya Yunnan. Nikiwa peke yangu, luosifen, na shati la kubadilisha.